Umri wa Samaki Umo Sikioni, Ila Kuusoma Kuna Mitego

Samaki hana masikio ya kuonekana, ndiyo maana watu wengi hudhani hasikii. Anasikia. Masikio yake yamefichwa ndani ya fuvu, moja kila upande wa ubongo, na ndani ya kila sikio mna mawe matatu. Sita kwa samaki mmoja. Mpenzi wa kichwa cha changu au cha sangara huenda ameshakutana na kubwa kati ya hayo bila kulijua. Ni kile kitu cheupe kigumu kinachogonga jino, si mfupa wala si mwiba, ambacho hutemwa pembeni mwa sahani.

Kwa wataalamu wa uvuvi kitu hicho ni cheti cha kuzaliwa. Wanakiita otolithi, mimi nitakiita jiwe la sikio. Likikatwa kipande chembamba na kuwekwa chini ya hadubini, huonyesha pete zilizozungukana kutoka kiini hadi ukingoni. Pete zikihesabiwa hupatikana umri wa samaki, kutokana na umri hupatikana kasi ya kukua, na kutokana na hayo mawili serikali huamua ni tani ngapi zivuliwe ili samaki wasiishe. Maelezo ya kawaida huishia hapo: pete moja, mwaka mmoja, basi. Lakini ugumu wote wa jambo hili unaanzia hapo. Kuziona pete si kazi. Kazi ni kujua zinahesabu nini, na wako waliokosea hesabu hiyo, wakaja kugundua kosa wakati samaki wenyewe wameshakwisha.

Kazi ya jiwe ni kusikia

Tuanze na kazi ambayo samaki analihitaji jiwe hili, maana pete ni matokeo ya kando tu.

Mwili wa samaki una uzito unaokaribiana sana na maji anamoogelea. Sauti inapopita majini humpitia samaki kana kwamba hayupo; nyama yake hutikisika pamoja na maji, kwa kiasi kilekile na kwa wakati uleule. Kama kila kitu ndani yake kingetikisika sawasawa, asingesikia lolote, kwa sababu ili kusikia ni lazima kitu kimoja kisogee na kingine kichelewe. Kinachochelewa ni jiwe. Limejengwa kwa kalsiamu kaboneti, madini yaleyale ya matumbawe na maganda ya chaza, na ni zito karibu mara tatu kuliko maji ya ujazo sawa na wake. Hali yake ni ya abiria aliyesimama kwenye daladala: gari likichomoka ghafla, miguu huondoka na gari, kiwiliwili kikabaki nyuma. Chini ya jiwe pana utando wa seli zenye vinyweleo. Mwili ukisogea na jiwe likachelewa, vinyweleo hupinda, na ubongo hupokea kupinda huko kama sauti.

Vinyweleo havielekei upande mmoja. Vimepangwa makundi makundi, kila kundi na mwelekeo wake, na hiyo ni sehemu ya jinsi samaki anavyotambua sauti imetoka wapi. Kati ya mawe matatu, kwa samaki wengi wa baharini lile kubwa ndilo linalohusika zaidi na kusikia, na ndilo linalosomwa na wapima umri. Jingine kazi yake kubwa ni mizani: kumjulisha samaki juu ni wapi na chini ni wapi, hata gizani. Mipaka ya kazi hizo si ya kukatwa kwa kisu, na hutofautiana kati ya jamii moja ya samaki na nyingine.

Sisi wenyewe tunayo masalio ya mfumo huu. Ndani ya sikio la binadamu mna chembe ndogo mno za kalsiamu kaboneti zinazotusaidia kusimama wima. Zikibanduka mahali pake na kuingia kwenye mifereji ya sikio, mtu hushikwa na kizunguzungu kikali kila anapogeuza kichwa kitandani, na daktari anayejua humtibu kwa kumgeuzageuza kichwa kwa utaratibu maalumu mpaka chembe zirudi.

Samaki wengi husikia sauti nzito tu, zile zisizozidi mitetemo 1,000 hivi kwa sekunde. Kambale anawazidi. Yeye na jamaa zake wana mlolongo wa vifupa vidogo unaounganisha mfuko wa hewa na sikio; mfuko huo hutetemeka sauti inapopita, vifupa vikapeleka mtetemo sikioni, na kambale akasikia mitetemo elfu kadhaa kwa sekunde. Kuna jamaa wa mbali wa dagaa katika bahari na mito ya Marekani, samaki wa jenasi ya Alosa, ambao mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba husikia hadi mitetemo 180,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu kijana hukomea 20,000. Inadhaniwa kwamba uwezo huo huwasaidia kuwasikia pomboo wanaowawinda kwa mwangwi.

Wavuvi wetu hawakusubiri maabara kujua kwamba samaki anasikia. Kupiga maji ili samaki wakimbilie wavuni ni mbinu ya zamani ziwani na pwani, na pengine imepigwa marufuku kwa sababu inafanya kazi mno. Upande mwingine, mlipuko wa baruti hupasua mfuko wa hewa na viungo vya ndani, na kelele kubwa za muda mrefu huharibu vinyweleo vya sikio hata kwa samaki anayenusurika. Hapo samaki ana bahati kuliko sisi. Seli zake za kusikia zikifa huota nyingine, ilhali za binadamu zikienda zimekwenda.

Pete zinajengwaje

Sikio la samaki limejaa majimaji, na kutoka humo madini hujibandika juu ya jiwe, kwenye wavu mwembamba wa protini. Kasi ya kujibandika hupanda na kushuka ndani ya saa 24. Saa fulani madini huwa mengi, saa nyingine protini huzidi, na tofauti hiyo huacha mstari mmoja kwa siku. Aliyeonyesha kwamba mistari hiyo myembamba ni ya kila siku ni Giorgio Pannella, katika makala aliyoichapisha mwaka 1971. Kabla yake watu walijua za mwaka tu: Mjerumani Johannes Reibisch alizitumia kupima umri wa samaki bapa wa Ulaya mwaka 1899, na miaka 140 kabla ya hapo Msweden Hans Hederström alikuwa ameshahesabu pete kwenye pingili za uti wa mgongo.

Pete ya siku moja ni nyembamba mno, mara nyingi mikroni chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Hata hivyo, kwa kinda wa samaki mwenye wiki tatu, mtaalamu aliyezoea anaweza kukutajia tarehe aliyoanguliwa. Na si tarehe tu. Kinda wa samaki wa miambani huanza maisha akielea baharini, kisha siku moja hushuka kwenye matumbawe na kubadili kabisa namna ya kuishi. Badiliko hilo huacha alama kwenye jiwe, upana wa pete ukabadilika ghafla. Ukihesabu kutoka kiini hadi kwenye alama unapata siku alizoelea, na ukijua siku na mikondo ya maji unaweza kukadiria alikotoka. Kwa anayetaka kujua kama hifadhi ya bahari inazalisha samaki wa kuwafaa wavuvi wa nje ya mipaka yake, ni taarifa yenye thamani kubwa.

Kinacholipa jiwe heshima kuliko mifupa na magamba ni kwamba mwili haulibomoi. Mfupa huvunjwa na kujengwa upya maisha yote. Gamba likibanduka huota jingine lisilo na kumbukumbu ya miaka iliyopita. Jiwe la sikio likishajengwa halirudishwi mwilini, hata samaki akiwa na njaa, na huendelea kuongezeka taratibu hata mwili unapokuwa umedumaa. Pete zilizoachana huonyesha kipindi cha kukua haraka na zilizobanana huonyesha shida au uzee, ingawa kwa sababu hiyohiyo ya jiwe kuendelea wakati mwili umesimama, kugeuza upana wa pete kuwa sentimita za samaki kunahitaji uangalifu.

Katika nchi zenye majira makali, pete za mwaka huonekana kama mikanda miwili, mmoja mpana wa msimu wa kukua na mmoja mwembamba wa msimu wa baridi. Ili kuziona, jiwe hutolewa kichwani kwa kibano, likagandishwa ndani ya gundi ngumu, likakatwa katikati kwa msumeno mwembamba wa almasi, kisha likasuguliwa. Ipo njia ya kimaskini ambayo naipenda zaidi: unalivunja jiwe vipande viwili kupitia kiini, unalichoma kidogo kwenye moto wa taa ya spiriti, na protini iliyo kwenye mikanda hubadilika kuwa kahawia. Pete zinajitokeza zenyewe.

Samaki wa miaka thelathini aliyekuwa na mia

Mwishoni mwa miaka ya 1970 meli za New Zealand zilianza kuvua kwa wingi samaki mwekundu wa kilindi, Hoplostethus atlanticus, anayeuzwa kwa jina la orange roughy. Anaishi kina cha mita 700 na zaidi, hukusanyika kwa makundi makubwa juu ya milima ya chini ya bahari, na nyama yake nyeupe ilipendwa Marekani. Vilivuliwa viwango vya makumi ya maelfu ya tani kwa mwaka. Wakati huo umri wake ulikadiriwa kwa mtazamo wa kawaida: samaki wa sentimita 40 hivi, pete kadhaa zinazoonekana vizuri kwenye jiwe likiwa zima, basi miongo miwili mitatu. Samaki wa namna hiyo hurudisha idadi yake haraka, na mgao wa uvuvi ukapangwa hivyo.

Kosa lilikuwa mahali pa kutazama. Kwa samaki anayekua polepole, jiwe huacha kupanuka na kuanza kunenepa kwa upande wa ndani, na pete za uzeeni hurundikana hapo, nyembamba sana, zikifunikana. Ukilitazama jiwe zima kutoka juu unaona ujana wake tu. Lilipokatwa katikati, pete zikawa nyingi kiasi kwamba wengine walikataa kuamini kila moja ni mwaka. Ubishi ulikuwa wa haki kabisa: pete inaweza kutokea mara mbili kwa mwaka, au kwa sababu isiyohusiana na mwaka. Ilihitajika saa nyingine, isiyotegemea jicho la mtu.

Saa hiyo ilipatikana kwenye mionzi. Jiwe linapojengwa hunasa kiasi kidogo mno cha radiamu, metali yenye mionzi, kutoka maji ya bahari. Radiamu huoza kwa mlolongo unaopitia aina ya madini ya risasi yenye mionzi, risasi-210, ambayo nusu yake hupotea kila miaka 22 hivi. Kwenye kiini kilichojengwa jana risasi hiyo karibu haipo. Miaka inavyokwenda huongezeka ikiifukuzia radiamu, kwa kasi inayojulikana. Pima uwiano wa viwili hivyo kwenye kiini na utajua jiwe lina umri gani, pete zionekane zisionekane. Mwaka 1991 watafiti wa Australia walichapisha majibu: samaki wakubwa wa orange roughy walikuwa na miaka kati ya 77 na 149, na walianza kuzaa wakiwa na miaka thelathini na kitu. Uchunguzi wa karibuni zaidi wa mawe yaliyokatwa umetaja samaki wenye zaidi ya miaka 200.

Fikiria maana yake kwa meli zilizokuwa zimeshatia nanga juu ya milima ile. Wengi wa samaki wakubwa waliokuwa wakipakiwa walizaliwa karne ya kumi na tisa, na wa kuchukua nafasi yao wangehitaji miongo mitatu kabla ya kutaga yai la kwanza. Maeneo kadhaa ya uvuvi yaliporomoka na mengine yakafungwa. Sioni kwamba waliokadiria mwanzo walikuwa wazembe. Walitumia njia iliyofanya kazi kwa samaki wengine. Lakini pesa zilikwenda kasi kuliko uthibitisho, na huo si mtego wa New Zealand peke yake.

Saa ya pili ilitoka mahali pa ajabu zaidi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, yaliyofanywa kwa wingi katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, yaliijaza anga kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, kiasi cha kukaribia kuiongeza maradufu. Kaboni hiyo iliingia baharini taratibu, ikaingia kwenye matumbawe, na ikaingia kwenye mawe ya masikio ya samaki wote waliokuwa wakikua. Kiini cha jiwe hujengwa mwaka wa kwanza wa maisha. Kwa hiyo samaki ambaye kiini chake kina kaboni kidogo alizaliwa kabla ya mabomu, mwenye kaboni nyingi alizaliwa baada yake, na aliyezaliwa katikati ya kupanda huko anaweza kuwekewa mwaka wake kwa usahihi mzuri. John Kalish alionyesha njia hii mwaka 1993 kwa samaki wa New Zealand, na tangu hapo imekuwa hakimu wa kesi nyingi za umri.

Hukumu zake huelekea upande mmoja: samaki wana umri mkubwa kuliko tulivyodhani. Mwaka 2019 samaki wa maji baridi wa Marekani, Ictiobus cyprinellus, aliyekuwa akidhaniwa kuishi miaka 26 hivi, alithibitishwa kufikia 112. Jodari wa mapezi ya njano wa Atlantiki, aliyehesabiwa kuwa samaki wa maisha mafupi, mwaka 2020 alionekana kufikia angalau miaka 16 hadi 18.

Kwetu hakuna theluji

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba samaki wa nchi za joto hawana pete za kusomeka, kwa kuwa hawana majira ya baridi ya kuzichora. Haikuwa kweli, ingawa palikuwa na ukweli ndani yake. Pwani yetu maji hupoa kipindi cha kusi na kupata joto kipindi cha kaskazi, tofauti ya nyuzi nne hivi tu, na hiyo mara nyingi inatosha kuacha mkanda. Lakini kutaga mayai nako huacha mkanda, na uhaba wa chakula vilevile. Samaki anayetaga misimu miwili kwa mwaka anaweza kukupa pete mbili, nawe ukamwongezea umri mara mbili bila kujua.

Ndiyo maana katika tropiki kuhesabu bila kuthibitisha ni kazi bure. Njia nafuu ni kukusanya mawe ya samaki wa aina moja kila mwezi kwa mwaka mzima na kutazama ukingo tu, kuona mkanda mpya unaanza mwezi gani na unarudi mara ngapi. Njia ya gharama ni kumtia samaki alama akiwa hai. Kati ya mwaka 2005 na 2007 mradi wa nchi za Bahari ya Hindi uliweka vibandiko kwenye jodari zaidi ya 160,000, sehemu kubwa katika maji ya nje ya pwani ya Tanzania. Maelfu kadhaa ya hao walidungwa pia oksitetrasaiklini, antibiotiki ya kawaida kabisa, ambayo hujenga mstari kwenye jiwe siku ileile na kung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno. Jodari akivuliwa baada ya siku 400, pete zilizo nje ya mstari huo zinapaswa kuwa 400. Zikiwa pungufu, msomaji wa pete anajua kiasi anachokosea. Na kwa samaki waliokomaa ndivyo inavyotokea mara nyingi: pete za siku hubanana hadi hadubini ya kawaida haizitenganishi, hivyo hesabu ya siku hufaa kwa vijana, ya miaka kwa wazee.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika, ndagala kwa watu wa Burundi, wana shida ya kinyume. Maisha yao yote ni kama mwaka mmoja tu hivi, kwa hiyo pete ya mwaka haina la kusema juu yao. Huhesabiwa siku, na hapo huonekana kwamba dagaa wa urefu mmoja waliovuliwa usiku mmoja wanaweza kuwa wamekua kwa kasi tofauti, kutegemea mwezi walioanguliwa na chakula kilichokuwepo. Kwa samaki kama huyo kosa la miezi miwili ni kubwa sawa na kosa la miongo kwa yule wa New Zealand.

Urefu peke yake, basi, haukuambii mengi. Mnunuzi anayepanga changu kwa ukubwa mnadani anapanga bei, hapangi umri. Samaki hukua haraka ujanani kisha hupunguza mwendo. Wawili wenye sentimita 45 kila mmoja wanaweza kuachana miaka kumi.

Mengine ambayo jiwe hubeba

Pamoja na kalsiamu, jiwe hunasa chembe za madini mengine yaliyomo majini siku hiyo. Maji ya bahari kwa kawaida yana strontiamu nyingi kuliko ya mito, hivyo mionzi ya leza ikipitishwa kutoka kiini hadi ukingoni husoma safari nzima: hapa alikuwa baharini, hapa akapanda mto. Kwa njia hiyo iligunduliwa kwamba baadhi ya mikunga walioitwa wa maji baridi hawajawahi kuingia mtoni maisha yao yote. Katsumi Tsukamoto na wenzake wa Japani walikwenda mbali zaidi. Walihesabu pete za siku za makinda ya mkunga wa Kijapani, wakaona tarehe za kuzaliwa zinaangukia karibu na mwezi mwandamo, wakapeleka meli magharibi ya visiwa vya Mariana kwa kufuata kalenda hiyo. Mwaka 2005 walipata makinda ya siku chache tu, na mwaka 2009 mayai yenyewe, jambo lililotafutwa kwa miongo mingi. Kule Alaska wafugaji huchora alama kwa makusudi: hubadilisha joto la maji ya vifaranga wa samoni ili jiwe lipate mpangilio maalumu wa pete, na miaka baadaye samaki akivuliwa wanajua ametoka kwenye kituo gani.

Ufugaji huo huo umeleta kisa kinachorudisha kukua na kusikia mahali pamoja. Madini ya jiwe la kawaida yamejipanga kwa muundo uitwao aragonaiti. Kwa samoni wa kufugwa, jiwe mara nyingi hugeuka katikati ya maisha na kuanza kujengwa kwa muundo mwingine, vateraiti, ambao ni mwepesi zaidi, mkubwa zaidi na wenye umbo lisilo sawa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne walieleza kwamba karibu nusu ya samoni wanaofugwa wana hali hiyo, wakati kwa wa porini ni nadra, na kwamba usikivu wao hupungua sana. Kazi iliyofuata ilielekeza kidole kwenye kasi: waliokuzwa haraka zaidi ndio waliopatwa zaidi. Jiwe likishageuka halirudi. Kwa samaki wa kuuzwa labda si hasara kubwa ya kibiashara, lakini mamilioni ya vifaranga wa vituo vya kuzalishia huachiliwa mitoni kila mwaka kuongeza idadi ya samaki wa porini, na kifaranga asiyesikia vizuri huanza maisha hayo akiwa nyuma.

Wasio na jiwe la kusomwa

Papa na taa hawana mawe makubwa ya sikio. Wana chembechembe tu, zisizo na pete. Kwao hutumika pingili za uti wa mgongo, na kwa papa wa Greenland, ambaye hata pingili zake ni laini mno, ilibidi kupima kaboni kwenye kiini cha lenzi ya jicho. Jibu lililochapishwa mwaka 2016 kwa papa mkubwa kuliko wote waliopimwa lilikuwa miaka 392, pengo la kosa likiwa miaka 120 juu au chini. Pengo hilo ni refu kuliko maisha ya mtu, na bado papa huyo anabaki kuwa mnyama mwenye uti wa mgongo aliyeishi kuliko wote wanaojulikana.

Kisha yupo silakanti, yule samaki wa kale aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dainosari mpaka alipoibuka Afrika Kusini mwaka 1938. Wakomoro wanamwita gombessa, na tangu miaka ya mwanzo ya 2000 amekuwa akinaswa kwenye jarife za papa huko Tanga, ambako hifadhi ya bahari yenye jina lake ilitangazwa mwaka 2009. Ni samaki adimu, hakuna atakayeruhusu wauawe kwa ajili ya mawe ya masikio, kwa hiyo hutumika magamba ya waliokufa. Kwa miongo kadhaa pete chache zilizoonekana kwenye magamba hayo zilimpa maisha ya miaka 20 hivi, umri usiolingana na samaki wa mwili mzito, mwenye kilo 100 na anayeishi taratibu kiasi kile. Ingemaanisha kwamba anakua kwa kasi inayokaribia ya jodari.

Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa, wakiongozwa na Kélig Mahé, waliyatazama magamba ya silakanti 27 kwa mwanga uliochujwa kuelekea upande mmoja. Kati ya pete kubwa walikuta nyingine ndogondogo, mara tano zaidi. Mkongwe wa kundi alikuwa na miaka 84, na maisha ya kufikia karne yakawa jambo la kuaminika. Mimba ilikadiriwa kuchukua miaka mitano hivi, na jike kuwa tayari kuzaa akiwa na miaka kati ya 58 na 66. Silakanti jike wa miaka 50 anayekufa kwenye jarife, mwenye urefu wa kutisha na sura ya bibi wa bahari, kwa hesabu hiyo hajazaa hata mara moja.